Nge, Jirani Tusiyemjua

Wapo viumbe ambao lugha yetu imewahukumu kabla ya kuwasikiliza. Fisi amehukumiwa kuwa mlafi, kinyonga kuwa kigeugeu, punda kuwa mkaidi asiye na shukrani. Nge naye, mbali na kuhukumiwa, amenyimwa hata hadithi. Sungura ana ngano zake, kobe ana zake, na hata mbweha hujipatia kifungu katika vitabu vya shule ya msingi. Nge hutajwa pale tu tunapotaka kumtusi binadamu mwenzetu: fulani ana ulimi wa nge, fulani ni nge wa mtu. Tusi likishatoka kinywani, mnyama mwenyewe huachwa arudi chini ya jiwe lake, nasi tukaendelea na mazungumzo kana kwamba tumemaliza kumjua.

Insha hii inakusudia kumtoa chini ya jiwe hilo. Nafahamu kuwa wapo wanachama wenzangu watakaouliza: ya nini habari za nge katika jarida la Kiswahili? Si tuwaachie wanafunzi wa zuolojia? Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, tena na watu ninaowaheshimu, na jibu lake ndilo uti wa mgongo wa maandishi haya. Hata hivyo, sitalijibu kwa nadharia. Nitalijibu kwa kueleza niliyoyaona na niliyoyasoma, maadamu nimelelewa mahali ambapo nge si habari ya vitabuni bali ni jirani wa ukuta kwa ukuta.

Mimi ni mzaliwa wa Marigat, katika Baringo, pale ambapo Bonde la Ufa limejilaza tambarare chini ya milima ya Tugen. Ni nchi ya jua kali, mawe meusi, migunga na vichaka vya mathenge. Wasiopajua hudhani kuwa hapana kinachoota huko, kumbe maji ya mto Perkerra yamekuwa yakielekezwa mashambani tangu mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari, kwa jasho la mahabusu wa serikali ya kikoloni. Mradi huo wa maji pamoja na soko la mji viliwaleta pamoja watu wa kabila nyingi. Mama yangu ni Mtugen, baba ni Mturkana, na nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya sulhu. Hatukukijua Kiswahili kama somo. Tulikijua kama sauti ya mama akituita kula.

Ilikuwa pia lugha ya maonyo. "Kung'uta kiatu!" lilikuwa agizo la kwanza la asubuhi, kabla ya salamu. Nguo ikiangukia sakafuni, hupigwa ukutani mara mbili ndipo ivaliwe. Kuni haziokotwi kwa kukumbatiwa. Husukumwa kwanza kwa fimbo. Jiwe halikaliwi kabla ya kugeuzwa. Na mvua za kwanza zinaponyesha, mashimo yakajaa maji, mtoto haruhusiwi kutoka nje usiku bila tochi na viatu. Desturi hizo hatukufundishwa na mwalimu yeyote. Zilikuwa sayansi ya nyanya yangu mzaa mama, ambaye wajukuu wote tulimwita Kogo, na sayansi hiyo, kama nitakavyoonyesha, haikuwa haba.

Tuanze basi na swali la msingi: nge ni nini? Ukimuuliza mtoto wa shule atakujibu kuwa nge ni mdudu. Jibu hilo si la kukejeliwa, kwa sababu katika Kiswahili neno mdudu ni pana mno; humbeba nzi, tandu, buibui, mnyoo wa tumboni na hata kijidudu kisichoonekana kwa macho. Wanasayansi, kwa upande wao, huliwekea kundi la wadudu mipaka: mdudu kwao ni mwenye miguu sita. Nge ana miguu minane. Kwa hivyo jamaa zake wa damu ni buibui, kupe na utitiri, wala si panzi au mende. Ni jambo dogo, lakini linatufunza kuwa neno la mtaani na neno la maabara yanaweza kufanana sura huku yakitofautiana maana, na mwenye kazi ya kuyapatanisha ni mtu wa lugha.

Mbele ya miguu hiyo minane pana magando mawili, mithili ya ya kaa, ambayo nge hukamatia windo. Nyuma pana kile sote tunachokiita mkia. Kwa hakika si mkia. Ni sehemu ya mwisho ya tumbo lake, iliyorefuka na kugawika katika pingili tano kama muwa, na utumbo wake hupita humo. Baada ya pingili ya tano ndipo kinapokaa kifuko cha sumu chenye mwiba. Njia ya kutolea kinyesi imo mwishoni mwa pingili hiyohiyo ya tano, kando tu ya silaha yake. Mwaka 2015 watafiti walieleza habari za nge wa Amerika Kusini wa jenasi ya Ananteris, ambao wakibanwa na adui huukata mkia wao na kukimbia, kama afanyavyo mjusi. Tofauti ni kwamba mkia wa mjusi huota tena, ilhali wa nge hauoti. Kidonda hufunga, na tangu siku hiyo nge huyo hana mwiba wala hana pa kutolea uchafu. Tumbo hujaa polepole mpaka afe. Hata hivyo huweza kuishi miezi kadhaa, na dume katika muda huo huweza bado kupata jike na kuacha uzao. Sijasoma habari nyingine iliyonionyesha waziwazi hivyo bei ya kuponea chupuchupu.

Chini ya tumbo, nyuma ya miguu, nge ana viungo viwili vinavyofanana na chanuo. Hakuna kiumbe mwingine duniani mwenye viungo hivyo. Anapotembea, chanuo hizo hugusagusa ardhi na kunusa alama zilizoachwa na wenzake. Hupumua kwa mapafu ambayo ndani yake yamepangwa mithili ya kurasa za kitabu, jozi nne kwa jumla. Macho anayo, mawili katikati ya mgongo na mengine madogo pembeni, lakini si hodari wa kuona. Uhodari wake umo miguuni. Mnamo mwaka 1977 mtafiti Philip Brownell alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu nge wa jangwa la Mojave kule Marekani. Alibainisha kuwa nge huyo husikia kwa miguu mitetemo inayopita mchangani, kiasi kwamba hutambua mahali alipo kombamwiko anayechimba hata umbali wa sentimita 50. Mguu unaofikiwa na mtetemo kwanza humwambia windo liko upande gani. Kogo hakumsoma Brownell, lakini alitukataza kukanyaga kwa vishindo usiku karibu na rundo la mawe. "Mnamwita," alikuwa akisema.

Ukale wa kiumbe huyu unastaajabisha. Mabaki yake yaliyogeuka mawe yanaonyesha kuwa ukoo wa nge umekuwapo kwa zaidi ya miaka milioni 430. Alikuwapo kabla ya dinosau, kabla ya ndege, kabla ya ua la kwanza kuchanua, na umbo lake halijabadilika sana. Leo zinajulikana spishi zaidi ya 2,500, zilizoenea katika mabara yote isipokuwa Antaktika. Siri ya maisha marefu ya ukoo huo ni ubahili. Nge hutumia nguvu kidogo mno. Mchana hujificha, usiku hukaa mlangoni pa shimo lake akingoja, na akishakula mlo mmoja mkubwa aweza kukaa miezi mingi bila kula tena. Wengine wamewahi kukaa mwaka mzima. Sisi watu wa nchi kame, tunaojua maana ya kungoja mvua isiyofika, hatuna budi kumvulia kofia.

Mintarafu ya ndoa na malezi, nge amesingiziwa mengi. Utotoni tulisimuliwa kuwa watoto wa nge huzaliwa kwa kumtoboa mama yao mgongoni na kumla. Yamkini hadithi hiyo ilitokana na kuonekana kwa jike aliyefunikwa na watoto weupe mgongoni, akidhaniwa kuwa analiwa. Ukweli ni kinyume kabisa. Dume na jike wanapokutana, dume humshika jike kwa magando, kama watu walioshikana mikono, nao huenda mbele na kurudi nyuma, pengine kwa dakika chache, pengine kwa saa nzima na zaidi. Dume anatafuta mahali pagumu pa kubandika kifuko cha mbegu zake, kisha humvuta jike mpaka apite juu yake na kuipokea mbegu. Mimba huchukua miezi kadhaa, na kwa baadhi yao mwaka au zaidi. Jike hatagi mayai. Huzaa watoto wazima, mmoja baada ya mwingine, nao humpanda mgongoni wakiwa weupe na laini kama ubuyu uliomenywa. Hukaa hapo bila kula, wakiishi kwa akiba waliyozaliwa nayo, mpaka wajivue gamba kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo hushuka na kwenda zao. Huyo ndiye tuliyekuwa tukimpa mfano wa mama anayeliwa na wanawe.

Uzushi wa pili ni ule wa moto. Wavulana wa mtaani kwetu walikuwa wakimzungushia nge duara la mafuta ya taa na kulitia kiberiti, kisha wakangoja "ajiue" kwa mwiba wake. Nge angehangaika, angeupinda mkia juu ya mgongo, kisha angelala kimya, nao wangeshangilia kuwa ameona bora kufa kuliko kushindwa. Wapo watu wazima walioitumia picha hiyo kuwahubiria vijana juu ya heshima. Lakini nge kwa kawaida hadhuriwi na sumu yake mwenyewe. Kinachomfanya apindepinde ni joto linalokausha mwili wake na kuvuruga misuli yake. Anaungua, basi. Tumelichukua chungu la kiumbe anayeteketea tukalipa jina la ujasiri, na yote hayo kwa sababu hapana aliyetwambia kwa lugha yetu kinachotendeka ndani ya duara lile.

Tufikie sasa sumu, maana najua ndiyo inayosubiriwa na msomaji. Sumu ya nge ni mchanganyiko wa protini ndogondogo ambazo nyingi zake hulenga neva. Huzishika njia ambamo chembechembe za sodiamu na potasiamu huingilia na kutokea katika seli, zikazizuia kufunga au kufungua kwa wakati wake. Neva hubaki ikipiga kelele bila kunyamaza. Ndiyo sababu aliyeumwa na nge mkali husikia maumivu, ganzi na kama kuchomwa na miiba, kisha huenda akatoa jasho jingi, misuli ikamcheza, na macho yakazunguka bila kutulia.

Hata hivyo, sumu ni mali ya gharama, na nge bahili hatumii hovyo. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kuwa nge wa kusini mwa Afrika aitwaye Parabuthus transvaalicus ana aina mbili za sumu katika kifuko kimoja. Akichokozwa kidogo, hutoa kwanza tone angavu lenye chumvi nyingi za potasiamu, ambalo huuma vikali lakini ni rahisi kulitengeneza. Tishio likizidi ndipo humimina sumu nzito, nyeupe kama maziwa. Isitoshe, si nge wote walio hatari. Katika spishi hizo zaidi ya 2,500, zenye sumu ya kumuua binadamu ni chache. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa watu zaidi ya milioni 1.2 huumwa na nge kila mwaka duniani, na kati yao hufa zaidi ya 3,250. Kwa maneno mengine, kati ya watu 1,000 walioumwa, takriban watatu ndio wanaopoteza maisha. Walio katika hatari kubwa zaidi ni watoto wadogo, kwa kuwa sumu ileile huingia katika mwili mdogo.

Hapa ndipo ninapotaka kumtaja Kogo tena. Yeye aliwagawa nge katika mafungu mawili. Wapo, alisema, "wenye mikono" na wapo "wenye mkia." Mwenye magando manene hutegemea nguvu za mikono yake, na mwiba wake hauna makali sana. Mwenye magando membamba na mkia mnene ndiye wa kuogopwa, kwa kuwa mkia ndio mkono wake. Nilipofika chuo kikuu na kuanza kusoma vitabu vya viumbe kwa kujifurahisha, nilikuta kanuni hiyohiyo imeandikwa kwa Kiingereza. Wataalamu wanakiri kuwa si kanuni isiyo na vighairi, lakini ni mwongozo wa kufaa. Nge mkubwa wa Afrika Magharibi anayefikia sentimita 20, mwenye magando ya kutisha, humuuma mtu kwa uchungu usiozidi sana wa nyuki. Jenasi ya Parabuthus, ambayo ina jamaa zake hapa Kenya, ina magando membamba na mkia mnene. Kogo hakujua kusoma. Maarifa hayo aliyapata kwa kutazama, akayahifadhi kwa sentensi mbili fupi ambazo mjukuu wa miaka mitano aliweza kuzishika.

Sentensi hizo zilipimwa usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, nikiwa darasa la saba. Mdogo wangu, kitindamimba wetu aliyekuwa na umri wa miaka sita, aliumwa kidoleni mwa mguu alipokwenda kuutega mtungi kwenye mchirizi wa mvua. Kilio chake kiliwaleta majirani. Mmoja alikuja na wembe na chupa ya mafuta ya taa, tayari kuchanja. Mwingine alikuja na jiwe jeusi la kunyonya sumu. Kogo aliuliza swali moja tu: "Nge mwenyewe yuko wapi? Msimponde." Alimulika kwa tochi, akamgeuza kwa kijiti, akatazama. Kisha akamwambia mama, "Huyu ni mwenye mkia. Funga mtoto mgongoni, nendeni sasa hivi."

Twende tulikwenda, kwa pikipiki, mama na mtoto na mimi nyuma, hadi kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Mhudumu wa zamu alikuwa kijana mwenye bidii, aliyehamishwa huko majuzi tu. Alimuuliza mama maswali kwa Kiingereza, akayarudia kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza kiasi cha kutoeleweka. Ukutani palikuwa na karatasi kubwa iliyoorodhesha dalili za hatari kwa aliyeumwa na nyoka au nge, na yote ilikuwa kwa Kiingereza. Mama alijibu aliyoyaelewa. Swali moja liliulizwa mara tatu, na mara tatu mama akanyamaza. Mimi, niliyekuwa nikipata alama za juu za Kiingereza darasani, sikuwahi kulisikia neno lile. Mhudumu alianza kuandika dawa ya maumivu ili aturudishe nyumbani.

Ndipo mzee aliyekuwa akipiga deki ukumbini aliposimama, akaegemea fimbo ya deki lake na kusema, "Mama, anakuuliza kama mtoto anatoa udenda."

"Udenda?" mama akajibu kwa mshangao. "Tangu tutoke nyumbani namfuta! Leso yote imelowa."

Nilimwona mhudumu akiweka kalamu chini. Alimkagua mtoto upya, akamtazama macho, akampima pumzi, kisha akaita gari la kutupeleka hospitali kubwa. Mdogo wangu alilazwa siku tatu chini ya uangalizi na akapona. Leo ni mrefu kuniliko. Lakini mwaka uliotangulia, mtoto wa ng'ambo ya mto, mdogo kuliko yeye, alikaa na jiwe jeusi mguuni mpaka alfajiri, na alfajiri hiyo haikumkuta hai. Wazazi wake hawakuwa wazembe wala wajinga. Hapana aliyekuwa amewaambia, kwa maneno wanayoyaelewa, ni dalili gani zinazomaanisha kuwa muda wa kungoja umekwisha.

Neno moja, udenda, ndilo lililosimama kati ya mdogo wangu na safari ya kurudi nyumbani. Si neno gumu. Si istilahi iliyohitaji kamati. Lilikuwamo kinywani mwa mama, lilikuwamo kinywani mwa mzee wa usafi. Lilikosekana tu ukutani na katika mafunzo ya yule kijana. Tangu hapo, mtu akiniuliza shahada ya Kiswahili itanifikisha wapi, humkumbuka mzee yule na fimbo yake ya deki.

Haya yote yasimfanye msomaji adhani kuwa nge ni wa kuangamizwa. Likizo moja nilimkaribisha nyumbani rafiki yangu anayesomea zuolojia. Alikuja na taa ndogo ya mwanga wa urujuanimno, ule ulio nje ya upeo wa jicho la binadamu. Usiku usio na mwezi tulizima taa zote na kumulika ua wetu. Gamba la nge lina kemikali ambazo zikipigwa na mwanga huo hung'aa kwa rangi ya kijani inayoelekea samawati. Katika ukuta wa mawe ambao nimeuegemea maisha yangu yote, nilihesabu nge 11. Mmoja alikuwa amebeba watoto, na cha ajabu ni kuwa mama aling'aa ilhali wanawe hawakung'aa, kwa kuwa gamba changa halijapata bado kemikali hizo. Kogo aliletewa kiti, akakaa akitazama kimya. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza, nami usiku ule niliona giza lenyewe likiwa limejaa majirani ambao walikuwa wametuvumilia kwa miaka mingi, wakila mende na viwavi wetu. Kati ya wote 11, aliyetuinulia mkia hakuwapo.

Hata sumu yenyewe imeanza kuwa dawa. Kutokana na nge wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati aitwaye Leiurus quinquestriatus, watafiti walitenga mwaka 1993 protini ndogo iitwayo klorotoksini. Baadaye ilibainika kuwa protini hiyo hupenda kujishikiza kwenye seli za uvimbe wa ubongo, na wataalamu wamekuwa wakichunguza jinsi ya kuitumia kuuonyesha uvimbe huo mbele ya macho ya daktari mpasuaji. Habari hizi nimezisoma zote kwa Kiingereza. Niliposimuliwa na Kogo habari za nge, sikuhitaji kamusi. Nilipotaka kumrudishia yeye habari nilizozipata chuoni, nilihitaji siku nzima kuyatafuta maneno. Hilo ndilo jibu langu kwa wanaouliza nge wana nini na Kiswahili. Maarifa yanavuka daraja kwa upande mmoja tu, na walinzi wa daraja ni sisi.

Kwa hivyo, wanachama wenzangu, sikuandika insha hii ili tusifu nge. Nilianza na ukurasa mmoja. Niliandika kwa Kiswahili chepesi yale ambayo madaktari wanayashauri, na rafiki yangu akayapitisha kwa mwalimu wake na kwa daktari mmoja ili tusije tukapotosha. Aliyeumwa na nge atulizwe. Pete na bangili zivuliwe kabla mguu au mkono haujavimba. Mahali palipoumwa paoshwe kwa maji na sabuni, pawekwe kitambaa cha maji baridi. Pasichanjwe, pasinyonywe, pasifungwe kamba, pasitiwe mafuta ya taa. Mtoto mdogo apelekwe hospitalini bila kungoja dalili. Mtu mzima naye apelekwe mara moja akitoa udenda au jasho jingi, akicheza misuli, macho yakimzunguka, akitapika mfululizo au akipumua kwa shida.

Ukurasa huo nilimsomea Kogo kabla ya kuupeleka popote. Alisikiliza hadi mwisho. Mahali nilipoandika kuwa "uchanjaji wa jeraha uepukwe," alinikatiza. "Nani anasema hivyo?" aliniuliza. "Andika kuwa wembe ni wa nywele." Niliandika hivyo. Aliuliza pia kwa nini sikuweka habari za mwenye mikono na mwenye mkia, nikamweleza kuwa daktari alihofia watu wangempuuza mwenye mikono au wangechelewa wakimtafuta nge gizani. Alifikiri kidogo, akakubali kuwa daktari ana haki.

Leo ukurasa huo umebandikwa katika kituo kile cha afya, pembeni mwa ile karatasi ya Kiingereza, na pia katika duka la mtaani kwetu ambako watu wengi husimama kuliko kituoni. Umeanza kupauka kwa jua, na itabidi niunakili upya likizo ijayo. Rafiki yangu wa zuolojia ameniomba tuandike mwingine kuhusu nyoka. Kuna istilahi tatu ambazo bado zinatushinda, na nimezileta hapa chuoni nikitumaini kuwa katika kikao chetu kijacho tutaketi, tuzijadili, kisha tumpigie simu Kogo tumuulize yeye anasemaje.